Habari Aliyoileta Mtani

Mwezi wa nane, mwaka wa sabini na nne, Odilia alikuwa na ruhusa ya siku nne ambayo tarehe yake ilikuwa bado haijafika. Alikuwa mpishi mkuu wa Kambi ya Vijana ya Mgude, kwenye barabara ya udongo itokayo Mikumi kwenda Kilosa, na ruhusa hiyo aliiomba kwa jambo moja tu: kwenda Mvumi kumchukua mama yake mzazi, Bibiana, aje kuishi naye kambini kabla malori ya operesheni hayajafika kuhamisha watu kuwapeleka kwenye vijiji vipya vya ujamaa. Bibiana alikuwa mzee, macho yote mawili yameshaingia ukungu, na hakuwa na mtoto mwingine. Chumba kilikuwa tayari na kitanda cha kamba kimeshawambwa. Kilichobaki ni vijana mia na themanini wamalize kambi yao Jumamosi, wale, waage, waondoke, na Jumapili asubuhi Odilia apande basi.

Mgude hapakuanza kuwa kambi. Palianza kuwa nyumba ya Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge, aliyejijengea mahali pa kupumzikia na kuwinda. Akawinda mpaka akachoka, akauza. Wamisionari wakanunua miaka ya hamsini, wakapafanya nyumba ya mafungo. Makatekista, walimu na wachumba waliokaribia kufunga ndoa walikuja kukaa siku tatu bila kusema neno, wakisali na kutafakari. Odilia aliletwa hapo msichana wa kuchota maji, akajifunza kupika katika jiko ambamo hata sufuria ilitakiwa kuwekwa chini taratibu. Ukitaka chumvi, unagusa ulimi kwa kidole. Ukitaka kuni, unagonga goti. Aliyecheka alitolewa nje kama kuku aliyeingia kanisani.

Katikati ya hayo aliolewa na Filipo, mtu wa gangi la kutengeneza reli, akakaa naye miaka mitano, homa ikamchukua Filipo bila wao kupata mtoto. Odilia akarudi jikoni. Hakulia sana hata wakati ule. Watu walisema ni kwa sababu ya kuzoea kimya, na mimi nadhani walisema kweli, ingawa watu hao husema mengi.

Ulipokuja Uhuru, misheni na wakubwa wa wilaya walikaa wakakubaliana kwamba Mgude pawe pa vijana wote, Waislamu kwa Wakristo. Kundi la kwanza lilifyatua matofali lenyewe, likajenga mabweni mawili. Moja lilipinda tangu siku ya kwanza na halikuanguka kamwe. Hapo kijana alifundishwa uashi na useremala, kulima pamba kwa mistari, kuimba kwaya na kucheza ngoma, kusoma na kuandika kama hajui, na siasa kama anajua. Jioni kulikuwa na mpira. Mara moja kila kambi, vijana walipakiwa kwenye lori wakapelekwa Mikumi mbugani kutazama tembo. Wale wa Magomeni, watoto wa mjini Kilosa, walishangilia. Wale wa mashambani, ambao baba zao walipiga madebe usiku kucha kuwafukuza tembo haohao kwenye mahindi, walikaa kimya garini wakitazama jinsi adui anavyolindwa na serikali.

Azimio likaja, mabango yakabadilishwa, nyimbo zikabadilishwa. Jambo moja halikubadilika: siku tatu za kimya mwishoni mwa kila kambi. Zilipewa jina jipya, semina ya kutafakari, lakini kimya kilikuwa kilekile cha mapadre. Waislamu walisali kwenye banda la upande wa mto, Wakristo kwenye kikanisa, na wote walikula maharage yaleyale bila kusemezana. Vijana walikuja wakidhani watakufa kwa kunyamaza. Siku ya nne walitoka wapole, wengine na machozi, na wengi walisema baadaye kwamba ndicho kitu pekee walichokikumbuka. Mlinzi wa kimya hicho alikuwa Odilia. Wakuu wa kambi walikuja na kuondoka, yeye akabaki na mwiko wake, na kijana aliyenong'ona mezani alitazamwa mara moja tu, hakurudia.

Mkuu wa kambi wa mwaka ule alikuwa Lazaro, kijana mwenye heshima na kalamu tatu mfukoni. Ndiye aliyemsainia Odilia ruhusa.

"Mama Odilia, usiwe na wasiwasi," alimwambia. "Nimeshauliza. Zamu ya Mvumi ni mwezi wa tisa, watu wamalize kwanza kuvuna."

"Umemuuliza nani, mwanangu?"

"Watu wanaojua."

Watu wanaojua ndio waliotuponza wengi wakati ule. Lakini Odilia hakuwa na sababu ya kubishana na mtu mwenye kalamu tatu. Akarudi kwenye viazi vyake.

Sasa lazima aingie Mwinshehe. Yeye alikuwa mkulima wa hukohuko Mvumi, jirani wa Bibiana, na kila baada ya miezi michache alipita Mgude akiwa na nyungo kichwani akienda kuziuza Mikumi. Ukoo wake na ukoo wa Bibiana walikuwa watani tangu enzi za mababu, na asiyejua utani asidhani ni mzaha wa kupita. Mtani ataingia kwako, achukue kuku, akwambie una uso wa panya, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe, wazee wanakutoza faini. Msibani mtani ndiye azuiaye maiti isitoke, ndiye alalaye kaburini kabla ya mwenyewe, ndiye anayemwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, mpaka wafiwa wacheke wapende wasipende. Wazee waliona kicheko hicho ni dawa, na kwamba mtu asiyetaniwa hajazikwa.

Mwinshehe alikuwa hodari wa kazi hiyo. Mwaka wa sitini na tisa alisimama kwenye mlango wa jiko la Mgude, katikati ya siku za kimya, akatangaza kwamba Bibiana amefariki. Odilia akapiga yowe, yowe la kwanza kusikika Mgude siku kama hizo, akaacha maharage motoni, akaenda Mvumi kwa basi na kwa miguu analia njia nzima. Akamkuta mama yake barazani anapukuchua mahindi. Bibiana alicheka mpaka akakohoa.

"Nilimtuma mimi," akasema. "Miezi saba hujaja kuniona. Ningekuambia njoo, ungekuja?"

Mwaka wa sabini na mbili Mwinshehe akaja na habari kwamba Bibiana ameposwa na mfugaji mmoja na mahari ni ng'ombe tisa. Mara hiyo Odilia hakwenda popote. Alimmwagia maji ya vyombo, na Mwinshehe akaenda Mikumi akiwa amelowa, anacheka peke yake barabarani.

Jumanne ya wiki ile ya mwisho, Mwinshehe alitokea jikoni bila ungo hata mmoja. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka kwenye nyusi. Angeanza kwa salamu ya kawaida, huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini mdomo ulikuwa umezoea njia yake.

"Wewe mwizi wa nyama ya mapadre," alisema, "acha kukoroga. Malori yamefika Mvumi. Kwenu wanahamisha kesho. Mama yako kanituma, anasema uje leo."

Odilia hakugeuka. "Safari hii hajafa? Anahama tu?"

"Anahama."

"Na yule mchumba wake wa ng'ombe tisa, wanahama wote?"

"Odilia, leo sikutanii."

"Apa."

"Wallahi."

"Ile siku ya kwanza uliapa Wallahi ukaongeza na kichwa cha mama yako."

Wasichana waliokuwa wakimenya viazi wakaangua kicheko. Na Mwinshehe, ambaye alikuwa ametembea tangu usiku kufuata njia ya reli kisha akadandia lori la mkaa, naye akacheka. Mtani akichekewa na mtani wake hucheka, hata awe na jipu. Alijaribu kuurudisha uso mahali pake, ukawa umechelewa.

"Angemtuma nani mwingine?" akasema. "Kila mtu anang'oa milango yake aende nayo."

"Mwambie anisalimie huko anakohamia. Mimi nakuja Jumapili."

Mwinshehe alisimama kidogo. Hakukaa, hakuomba chakula, hakudokoa kitu. Akatoka. Odilia aliliona hilo. Aliona mtani anaondoka mikono mitupu, akajiambia kwamba mwaka huu amezidi ujanja. Halafu akaagiza maji yaongezwe kwenye maharage, maana jioni ile kimya kilikuwa kinaanza.

Jumatano ikapita. Jikoni watu waligusa ndimi na kugonga magoti. Odilia alipima unga, akachambua mchele wa sherehe, na yale maneno ya milango kung'olewa yakawa yanamrudia. Mwinshehe hakuwahi kusema uongo wenye milango. Uongo wake wote ulikuwa wa kifo na ndoa. Alhamisi mchana akavua kanga ya jikoni, akaenda mpaka kwenye ofisi ya Lazaro kumwomba aulize tena, au amruhusu aondoke siku hiyo. Lazaro aliinua macho kutoka kwenye kitabu, akaweka kidole mdomoni, akatabasamu. Alidhani mama anamjaribu. Ni nani angemshuku Odilia kuvunja kimya?

Odilia akasimama mlangoni. Angeweza kusema, na tusimsingizie mtu, mdomo ulikuwa wake. Miaka ishirini alikuwa amewanyamazisha wenzake mahali hapohapo, na neno lilipofika kooni likakuta njia imezibwa. Akainamisha kichwa kwa heshima, akarudi jikoni. Hata hofu hakuisikia vizuri. Kilikuwa kitu kama mguu uliokaliwa muda mrefu mkekani, unajua ni wako lakini hauna habari nao.

Jumamosi kimya kikafunguliwa kwa shangwe. Wageni wa wilaya wakaja, pilau ikaliwa, hotuba tatu zikatolewa juu ya faida za kuishi pamoja karibu na shule na zahanati. Odilia aliitwa mbele, akapigiwa makofi kwa upishi wake. Naye akapiga makofi.

Jumapili alishuka Kilosa mjini kabla ya saa tano, akanunua sukari na chumvi Magomeni, akapata lori lililomfikisha njia panda ya Mvumi. Sehemu iliyobaki alitembea. Kitongoji chao kilikuwa kipo na hakipo. Kuta zilisimama bila mapaa. Milango ilikuwa imeng'olewa na fremu zake. Nyumba ya mama yake ndiyo pekee iliyobaki na mlango, umefungwa kwa kamba kwa nje, na uwanja umefagiliwa. Kuku mmoja alikuwa juu ya kinu. Odilia aliita mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha akafuata alama za matairi.

Kijiji kipya kilikuwa mwendo wa saa moja, uwanda mtupu uliopigwa vigingi kwa mistari, nusu yake ikiwa na vibanda vya miti ambavyo bado havijakandikwa. Watu walikuwa wamekusanyika mwisho wa mstari wa pili. Aliyemwona kwanza ni Sesilia, jirani yao wa zamani, aliyekuja kumpokea sukari mkononi, akamshika kiwiko.

"Pole, dada," Sesilia alisema. "Tulituma mtu kwako jana. Bila shaka mmepishana njiani."

Akamweleza wakiwa wanatembea, kwa maneno machache, kama mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi. Walihamishwa Jumatano. Bibiana alishushwa na kigoda chake, godoro na chungu, akaonyeshwa kigingi chake. Watu walitaka kumsimamishia kibanda usiku uleule, akakataa. Aliwaambia wasijisumbue, yeye ni mpita njia, binti yake anamfuata. Mwinshehe aliporudi na kueleza kwamba Odilia hakusadiki, Bibiana alicheka, akasema hiyo ni haki yake, alimfundisha mwenyewe kutokumwamini mtani. Lakini hata hivyo atakuja tu. Akakaa pale kigodani ameelekea barabara asiyoiona. Usiku walimfunika, asubuhi walimkuta amejifunua, anasema asije akakutwa amelala. Baridi ya mwezi wa nane haina huruma uwandani. Ijumaa kichomi kikamkamata, na Jumamosi alfajiri akakata roho mikononi mwa Sesilia.

"Tungemzika jana," Sesilia alisema. "Tukasema tungoje siku moja, kwa kuwa mwenyewe alisema unakuja."

"Ndiyo," Odilia akajibu.

Alingojea kitu kimpate. Aliingia kwenye kibanda cha Sesilia, akamwona mama yake amevishwa, akamshika mguu, akatoka. Wanawake walilia kwa ajili yake, akawashukuru. Alikuwa akiona kila kitu sawasawa, kamba za vibanda, udongo mwekundu uliotolewa kaburini, mtu aliyevaa viatu visivyolingana, na hakuna kilichomgusa. Kwa aibu alijifunika kanga usoni ili watu wadhani analia.

Maiti ilipofikishwa kaburini, wazee wakatazamana. "Mtani yuko wapi?" mmoja akauliza.

Mwinshehe alikuwa amekaa mbali, amewapa mgongo. Akaitwa. Akakataa kwa kichwa. Akaitwa tena, na mzee akamwambia kwamba kama hawezi, aseme mbele ya watu kwamba ukoo wake umeshindwa, Bibiana azikwe kama mtu aliyeokotwa. Basi Mwinshehe akaja, akavua viatu, akashuka kaburini, akalala chali.

Halafu sauti ikatoka mle shimoni, na ilikuwa sauti ya Bibiana yenyewe, na mluzi wake mdogo wa meno yaliyong'oka.

"Msinijengee, nyie. Mnanijengea ili iweje? Binti yangu ni mpishi wa watu mia mbili, atakuja na ruhusa yake imesainiwa. Ninyi mnayo ruhusa? Hamna. Haya, ni nani huyo anapita? Odilia? Si wewe? Basi pita."

Watu wakacheka. Ndivyo inavyotakiwa, na sauti ilikuwa ile kabisa, wakacheka huku wanafuta macho. Odilia naye alicheka. Alisikia kicheko kinatoka kinywani mwake, kizuri, cha kutosha, wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Ni nani huyo anapita?" sauti ikasema tena. "Odilia?" Hapo ikakatika. Mwinshehe hakuweza kuinuka. Wanaume wawili walimvuta kwa mikono, na kinyume na desturi hakudai kitu chochote kwa wafiwa kabla ya kutoka.

Ruhusa iliisha Jumatano jioni, na Alhamisi Odilia alikuwa jikoni. Lazaro alikuja kumpa pole akashindwa kumaliza sentensi, akalia hapohapo kwenye mlango wa stoo. Odilia ndiye aliyembembeleza. Kile chumba kilipewa mwalimu mpya wa useremala, na yeye mwenyewe alikifagia. Kundi la mwezi wa kumi likaja, likafyatua matofali, likapelekwa kutazama tembo, likanyamaza siku tatu, likaondoka. Maharage yalikuwa na chumvi ya kutosha kama siku zote. Akiulizwa hali, alijibu nzuri. Usiku alijilaza akingojea kilio kama mtu anayengoja mgeni aliyeahidi kuja, asubuhi akaamka, akawasha moto. Katika moyo wake, na hili hakumwambia mtu, alikuwa bado hajauzika mwili ule. Kulikuwa na pembe moja ndani yake iliyosema kwamba Bibiana yupo barazani mahali fulani, anapukuchua mahindi, anangoja kumcheka.

Masika yakapita. Siku moja mwezi wa tano, akiwa peke yake jikoni anapepeta mchele, kivuli kikaziba mlango. Mwinshehe alikuwa amesimama na nyungo zake kichwani, amekonda. Odilia akaweka ungo chini. Alisikia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane kitu kinasogea kifuani, kidogo, karibu furaha. Akangoja aitwe mwizi wa nyama, mchawi wa masufuria, chochote. Alikuwa na majibu yake tayari mdomoni.

Mwinshehe akatua nyungo, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Walikuwa watu wa rika moja, walicheza pamoja utotoni.

"Shikamoo, mama," akasema.

Odilia akamtazama, akangoja kinachofuata. Hakikufuata kitu.

"Marahaba," akajibu, na ndipo aliposadiki kwamba mama yake amekufa.